Mtakatifu Alberto Mkuu alikuwa mchawi? Namjibu mama mwenye kijana wa form five

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, kijana wangu mkubwa yuko form five anasoma PCB. Kwenye kipaimara alichagua mwenyewe jina la Alberto kwa sababu katekista aliwaambia ndiye msimamizi wa wanasayansi, na huyu mtoto anapenda sayansi tangu mdogo. Sasa likizo hii kaja kabadilika. Kuna grupu la whatsapp kaunganishwa, humo kuna mtu anauza PDF inaitwa Siri za Albert Mkuu, mambo ya mimea na mawe na pete, na anamwambia akitoa elfu themanini atatengenezewa pete ya kufaulu mtihani. Nilipomkemea akanijibu mama huyu ni mtakatifu wa Kanisa letu, ubaya uko wapi. Mdogo wangu ambaye ameokoka naye kaniambia huyo Alberto anajulikana alikuwa mchawi, alikuwa na kichwa cha shaba kinachoongea, ndiyo maana Kanisa lilikaa zaidi ya miaka mia sita bila kumtangaza. Nimekosa usingizi. Je ni kweli? Nimbadilishie jina? Au nimzuie kabisa hiyo sayansi, maana naona ndiyo iliyomleta huku?"

Marahaba mama, na pole sana. Nimesoma ujumbe wako mara tatu maana maswali yako yamesokotana, itabidi tuyafungue taratibu. Lakini hilo linalokunyima usingizi nakujibu hapa hapa juu: hakuwa mchawi, na hicho kitabu anachouziwa mwanao hakukiandika yeye. Nimefundisha historia ya Kanisa seminarini miaka mingi na katika watu wote wa karne ya kumi na tatu huyu ndiye ninayempenda zaidi, kwa hiyo nitarefusha kidogo, naomba unisome mpaka mwisho kwa sababu mwanao atakuuliza na wewe uwe na cha kumjibu.

Alizaliwa karibu mwaka 1200 huko Lauingen, mji mdogo kando ya mto Danube, kusini mwa Ujerumani ya leo. Akapelekwa Italia kusoma, Padua, na huko akakutana na Jordan wa Saxony aliyekuwa mkuu wa Wadominiko, shirika ambalo wakati huo lilikuwa changa kabisa, Papa alikuwa amelikubali mwaka 1216 tu. Hawa walikuwa watawa wasiomiliki kitu, wanaishi kwa sadaka, wanatembea kwa miguu wakihubiri. Alberto akaingia. Akafundisha miji mingi ya Ujerumani, akapelekwa Paris, mwaka 1245 akawa mwalimu mkuu wa teolojia pale, na mwaka 1248 akatumwa Köln kuanzisha shule kuu ya shirika. Kati ya wanafunzi aliotoka nao Paris alikuwepo kijana mmoja Mwitaliano, mkubwa wa mwili, mkimya, wenzake wakamwita ng'ombe bubu, na stori inasema Alberto akawaambia huyu mnayemwita ng'ombe, siku moja mlio wake utasikika dunia nzima. Kijana huyo ni Toma wa Akwino, aliyekuja kuwa mwanateolojia mkubwa wa Kanisa. Na hapo ndipo wengi wanapoishia, ukimtaja Alberto wanakwambia aa yule mwalimu wa Toma. Wanamkosea haki. Angekuwa hajawahi kumfundisha Toma hata siku moja bado angekuwa mtu mkubwa.

Sasa njoo kwenye sayansi yenyewe. Miaka ile vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu maumbile ndiyo vilikuwa vinaingia Ulaya, vingi vikipitia kwa Waarabu, na watu wa Kanisa wengine viliwatia hofu, Paris walipiga marufuku kuvifundisha mwaka 1210 na tena 1215. Watawa wenzake Alberto wakamwomba, ndugu tuandikie kitabu kimoja kizuri tuelewe haya mambo ya maumbile. Yeye akaanza na hakuacha, akaendelea miaka kama ishirini mpaka akawa amefafanua karibu kila kitabu cha Aristotle, vya mimea na wanyama akaviongezea mengi yake mwenyewe, na pale Aristotle alipokuwa hana kitabu, kama kwenye mawe na madini, akaandika cha kwake. Wanyama peke yake ni vitabu 26 ndani ya kazi moja. Na alisoma bila ubaguzi, wanafalsafa Waislamu Ibn Sina, Ibn Rushd na al-Farabi, Myahudi Musa bin Maimun, wote kwa tafsiri za Kilatini, anawataja kwa majina, anakubaliana nao hapa anawapinga pale. Ndugu zetu Waislamu wa pwani wanaomheshimu Ibn Sina wajue huyu mtawa alimsoma kwa bidii kubwa.

Lakini mimi kilichonifanya nimpende ni kitu kidogo tu, ni mbuni.

Si unajua watu walikuwa wanasema mbuni anakula chuma na tumbo lake linakiyeyusha. Hiyo ilikuwa imeandikwa vitabuni, wasomi wananakiliana karne na karne, hakuna aliyekwenda kwa mbuni kuuliza. Alberto anaandika kwamba inasemwa hivyo juu ya ndege huyu, lakini mimi sijaliona hilo, kwa sababu mbuni kadhaa niliwawekea chuma wakakataa kula, ila mifupa mikubwa iliyokatwa vipande vidogo na mawe walikula kwa pupa. Basi. Haongezi kelele. Hebu mfikirie mama, mtawa wa Ulaya, kanzu nyeupe na joho jeusi, sandali miguuni, amesimama mbele ya mbuni ameshika kipande cha chuma mkononi, anasubiri aone.

Na alikuwa hivyo kwa kila kitu. Walikuwepo waliosema kuna aina ya bata bukini wanaota kwenye miti kama matunda, akasema si kweli kabisa, mimi na wenzangu tumewaona wakipandana na kutaga mayai. Waliosema biva, yule mnyama wa mtoni (beaver), akikimbizwa na wawindaji anajing'ata anajihasi mwenyewe ili wamwache, akasema kwetu jambo hilo limeangaliwa na ni uongo. Mwaka 1240 aliona nyota yenye mkia akiwa Saxony, akaandika mwaka na mahali na kwamba hakuwa peke yake. Hata ule mkono wa mzabibu unaojisokota kwenye kijiti aliutazama mpaka akasema hiki ni kishada cha zabibu ambacho hakikukamilika. Mtu aliyekuwa na vipindi vya teolojia, misa, sala za masaa, na bado alikuwa na muda wa kuinama kwenye mzabibu.

Kwenye kitabu cha madini aliandika sentensi ambayo ningependa mwanao aiandike kwenye daftari lake la kemia, kwamba kazi ya elimu ya maumbile siyo kupokea tu yale tuliyosimuliwa, ni kutafuta sababu zilizomo ndani ya vitu vyenyewe. Mahali pengine akasema tunapochunguza maumbile hatuulizi Mungu akitaka anaweza kufanya muujiza gani, maana anaweza, tunauliza kipi kinatokea kwa sababu ambazo Mungu mwenyewe kaziweka ndani ya vitu. Hapo ndipo ilipo ile hofu yako ya mwisho, kwamba sayansi ndiyo imempeleka mtoto pabaya. Kwa Alberto ilikuwa ni mwendo mmoja. Anaomba, anakwenda kuangalia nyuki, anarudi anaomba. Na waliokuwa wanaipinga falsafa bila kuisoma, wakiwemo watawa wenzake, aliwaandikia kwa ukali sana, alisema ni kama wanyama wasio na akili wanaotukana wasichokijua.

Sasa hiyo PDF. Nikueleze inavyofanyika ili ukimwambia mwanao ni feki uwe na sababu. Zamani zile kitabu kinanakiliwa kwa mkono, hakuna haki miliki, hakuna ukurasa wa mchapishaji. Mtu akiwa na mkusanyiko wake wa dawa za mitishamba na hirizi, akiweka jina lake mwenyewe nani atanunua? Anaweka jina la mtu mkubwa aliyekwisha kufa. Na nani anafaa kuliko mzee aliyeandika kweli juu ya mimea, wanyama na mawe, anayesifika kujua kila kitu? Ndiyo kikatokea kitabu cha Kilatini cha siri kwa jina la Alberto, baadaye kikatafsiriwa lugha nyingi, na Ufaransa wauza vitabu wa kutembeza wakaja kuuza viwili, kimoja wanakiita Albert Mkubwa na kingine Albert Mdogo, hicho cha pili kimeenea miaka ya 1700, yaani zaidi ya miaka mia nne baada ya mzee kuzikwa. Huyo wa kwenye grupu ni wauzaji wale wale, tofauti yake ana bando.

Mwambie mwanao afungue mwanzo mwanzo wa kitabu cha siri, kwenye mimea, kuna ua linalofuata jua, wanasema ukilichuma mwezi Agosti jua likiwa kwenye nyota ya Simba ukalifunga kwenye jani la laureli pamoja na jino la mbwa mwitu, hakuna mtu atakayeweza kukusema vibaya. Sasa umlinganishe mwandishi wa haya na yule aliyesimama na chuma mbele ya mbuni. Yule anasema nilijaribu, wakakataa kula. Huyu hajajaribu chochote. Mimi sihitaji cheti cha maktaba kuona hao ni watu wawili, japo wanahistoria nao kwa njia zao wameshahitimisha hivyo hivyo.

Nikiwa mkweli kwako, na lazima niwe mkweli maana kijana akigundua umemficha kitu hatakusikiliza tena, Alberto wa kweli naye aliamini mawe yana nguvu. Kwenye kile kitabu cha madini ameorodhesha mawe na sifa zake, na kuhusu yakuti samawi anasema aliiona ikiponya majipu mawili. Aliamini nyota zina athari kwenye miili ya watu. Karibu wasomi wote wa wakati wake waliamini hivyo, kwao ilikuwa ni fizikia, kama sisi tunavyoamini mwezi unavuta maji ya bahari. Alikosea. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayesema jiwe hili nadhani lina nguvu ya asili kama sumaku ilivyo nayo, tuchunguze, na mtu anayesema nipe elfu themanini nikupe pete. Na hata wale wa dhahabu aliwafuatilia. Kulikuwa na wataalamu waliodai wanageuza madini kuwa dhahabu, Alberto akachukua hiyo dhahabu yao akaipitisha motoni, anasema ilivumilia moto mara sita au saba, halafu ikaungua ikabaki takataka. Hicho ndicho alichokifanya kwa matapeli wa zama zake.

Kichwa cha shaba kinachoongea, hicho ni hadithi tu, ndugu yako kaisikia kweli maana ni ya zamani, inasema Toma alikivunja kwa fimbo. Ila ilianza kusimuliwa juu ya Alberto yeye akiwa ameshakufa muda mrefu, na hadithi hiyo hiyo ilishasimuliwa juu ya Papa Silvesta wa pili hata Alberto hajazaliwa. Ni hadithi inayozunguka, ikimkuta msomi yeyote watu wasiyemwelewa inamkalia.

Na ile miaka mia sita, hapo mdogo wako kashika kitu cha kweli kwa mkono wa kushoto. Alberto alifariki Köln tarehe 15 Novemba 1280. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 1622, na mtakatifu tarehe 16 Desemba 1931 na Papa Pius XI, siku hiyo hiyo akafanywa pia Mwalimu wa Kanisa. Piga hesabu ni miaka 651. Toma mwanafunzi wake alitangazwa 1323, yaani mwanafunzi kamtangulia mwalimu miaka zaidi ya mia sita. Moja ya sababu zinazotajwa ni hii hii ya vitabu feki, jina lake lilikuwa limechafuliwa na uchawi ambao hakuufanya, na ilichukua muda mrefu wasomi kukaa na maandishi wakatenganisha yake na ya kubandikiwa. Kwa hiyo huyo anayeuza pete leo anaendeleza kosa lile lile lililomchelewesha mzee. Mwaka 1941 Papa Pius XII akamfanya msimamizi wa wanaosoma sayansi ya maumbile, katekista wenu alisema sahihi.

Nisikupe picha ya malaika lakini. Mei 1248 kule Paris Alberto alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi hukumu dhidi ya Talmudi, kitabu kitakatifu cha Wayahudi, huku mwenyewe akimsoma na kumheshimu Musa bin Maimun, na mimi jambo hilo linaniuma kila nikilifundisha. Na kitu kingine kinatugusa sisi moja kwa moja. Kwenye kitabu chake kuhusu asili ya mahali aliwajibu wale waliosema kwamba chini ya ikweta hakukaliki kwa joto, akapima hoja akasema kunakalika na watu wapo, nami nikiwa mtu wa ikweta nilifurahi siku nilipolisoma. Ila humo humo akasema jua ndilo linalotengeneza rangi na hata tabia na akili za watu wa joto, mambo ya kukisia tu, watu ambao hakuwahi kuwafikia. Pale alipoacha kujaribu mwenyewe akapokea yaliyosimuliwa, ndipo alipoanguka. Hilo mwambie mwanao pia, ni mwanasayansi mtarajiwa atalielewa.

Kuhusu maisha yake ya sala na unyenyekevu nitakupa moja tu. Mwaka 1260 Papa Aleksanda IV alimfanya askofu wa Regensburg. Jimbo lilikuwa na madeni mengi. Akaenda kwa miguu, na jimboni akawa anazunguka kwa miguu na viatu vyake vizito vya kijijini mpaka watu wakamwita askofu wa mabuti. Akalipa madeni, akanyoosha hesabu, na mwaka 1262 akaomba kuachia ngazi akaruhusiwa, akarudi kwenye mafundisho na vitabu.

Haya sasa tufanye nini na kijana. Jina usilibadilishe. Kwanza kipaimara hakirudiwi, ni mara moja tu, na pili jina halina kosa lolote. Kumzuia sayansi pia hapana mama, tafadhali, utakuwa umetupa dawa ukabaki na ugonjwa. Kumnyang'anya simu naelewa kwa nini utatamani, na kwa siku chache inaweza kusaidia huyo mtu asimpate kirahisi, ila kijana wa umri huo atatafuta simu ya mwenzake na mambo yataendelea ukiwa huyaoni. Mimi ningekaa naye. Ningemwambia leta hiyo PDF tuisome wote, tafuta humo mahali mwandishi anaposema nilijaribu mara kadhaa na haikufanya kazi. Akuoneshe hata mahali pamoja. Halafu umsimulie mbuni. Ningemuuliza pia, kwa upole na mkiwa wawili tu, matokeo ya mtihani wa mwisho wa muhula yalikuwaje. Mtoto anayependa sayansi anapoanza kutafuta pete ya kufaulu mara nyingi ameshaona darasani anazidiwa na hajamwambia mtu. PCB ni ngumu, fizikia ya form five imewalaza wengi. Kama ndivyo, hiyo elfu themanini itafutie mwalimu wa tuisheni.

Hela asitume. Kama ameshatuma, usifute meseji hata moja, hifadhi namba na muamala, nenda polisi na upige huduma kwa wateja ya mtandao mliotumia mapema iwezekanavyo. Na asithubutu kumtumia huyo mtu picha zake, nywele, jina la mama wala kitu chochote cha siri, maana baadaye ndivyo wanavyomtishia mtu ili aendelee kutoa. Kama imani yake imetikisika au ameshafanya tambiko fulani linamsumbua moyoni, mpeleke kwa paroko ana kwa ana, akaungame, azungumze, siyo jambo la kumalizwa kwa kuchati na mimi. Kama umeona halali usingizi, hali chakula, anajifungia, anasema anasikia sauti au kuna watu wanamfuata, hapo usimwite hata paroko kwanza, mpeleke hospitali aonwe na daktari wa akili, na wala siyo aibu.

Kuna moja nimeliacha mwisho kwa sababu nataka ulishike. Vitabu vya aina hii vina mapishi yenye zebaki, aseniki na mimea yenye sumu kali, na wauzaji wa siku hizi wanachanganya unga wao hawajui wenyewe wanachanganya nini. Muulize usiku huu huu, bila kumfokea, kama kuna kitu chochote alichopewa akanywa, akajipaka au akajifukiza. Akisema ndiyo chukua hicho kitu na pakiti yake muende nacho hospitali ya karibu, usisubiri dalili na usisubiri nikujibu, mengine yote niliyoandika hapa mtayasoma mkirudi.